Yatima kwenye Sahani ya Mama Yasue

Mtu akitaka kutujua sisi watu wa Utsunomiya huku Japani, asijisumbue na makumbusho. Akae kwenye kaunta ya Mama Yasue Numao, achangie sahani ya gyoza na jirani yake, kisha akitazame kipande cha mwisho. Vile vya kwanza vitapotea mara moja, vingali vinaunguza ulimi. Cha mwisho kitabaki. Kitapoa, mafuta yataganda, na kila mtu atajifanya hakioni. Si kwamba tumeshiba. Anayekichukua ataonekana mlafi, na hapa kwetu mtu yuko radhi alale na njaa kuliko kuonekana mlafi.

Mama Yasue alikiita kipande hicho yatima. Alikuwa akisimama nyuma ya kaunta, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika vijiti virefu vya kupikia.

"Haya, nani anamlea huyu?"

"Mpe Mzee Awano."

"Mimi? Mimi meno yamekwisha. Mpe Kinyozi."

"Kinyozi nimeshashiba tangu jana."

"Waongo wakubwa," Mama alikuwa akisema, na kumsukumia sahani yeyote aliyekuwa anakitazama kwa jicho la pembeni. Na huyo alikuwa akikila huku akiomba radhi kulia na kushoto kana kwamba amekanyaga mtu.

Kinyozi ndiye mimi. Duka langu la kunyolea liko mtaa huohuo, na kwa miaka mingi jioni yangu imekuwa ni moja: nafagia nywele, nafunga mlango, navuka barabara, nainua pazia la buluu la mlangoni kwake, nakaa. Mama ananiwekea bia bila kuuliza, na bakuli dogo la tango la siki. Halafu nasubiri gyoza. Kwa asiyezijua, ni vijinofu vya nyama ya kusaga, kabeji na majani ya nira yenye harufu ya kitunguu saumu, vimefungwa ndani ya unga mwembamba na kukaangwa upande mmoja tu. Upande huo unakuwa wa kahawia na unakwaruza vizuri kwenye meno. Mwingine unabaki laini. Tunachovya kwenye siki iliyojaa pilipili manga, na anayeomba sosi ya soya anajulikana kuwa ni mgeni.

Mama Yasue si mzaliwa wa baa. Baba yake alikuwa mchonga mawe huko Oya, na yeye alikuja mjini kama bi harusi, mikono yake ikiwa haijui kushika kitu laini. Mumewe, marehemu Numao, alipiga saksafoni kwenye bendi za hoteli. Alikuwa mpole, mwenye viatu vya kung'aa, na hakujua hata sufuria huwekwa wapi. Mwenye baa alikuwa mama yake, Bi Tome, mwanamke mfupi aliyeogopwa na wateja, na hata na paka wa mtaani.

Bi Tome hakuwa na mizani wala kijiko cha kupimia. Alikuwa akiinamisha uso juu ya beseni la mchanganyiko, anavuta pumzi moja ndefu, kisha anatoa hukumu. "Tangawizi bado." Au: "Kabeji hujaikamua, inanuka maji." Au: "Hii imekufa. Anza upya." Yasue alianza upya mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka. Alilia chooni, akarudi, akakata kabeji nyingine. Halafu jioni moja Bi Tome aliinama, akavuta pumzi, akainuka, na hakusema kitu. Alivua aproni, akazunguka kaunta, akaketi upande wa wateja mahali ambapo hakuwahi kuketi maishani mwake, akasema, "Nimiminie bia." Hicho ndicho cheti pekee alichopata Yasue. Alinisimulia nikimkata nywele, na kwenye kioo niliona macho yake yamejaa maji, miaka yote hiyo baadaye.

Numao alitutoka kwa ugonjwa wa moyo, Bi Tome akamfuata kwa uzee. Mtoto hawakujaliwa. Yasue akabaki na kikaango cha chuma, kifuniko chake kizito cha mbao, na pua. Kila alichokijua kilikuwa kwenye pua.

Sasa basi. Mwaka ninaousimulia, mwezi wa pili, Mama alishikwa na mafua mabaya yaliyomlaza wiki nzima. Baa ilipofunguliwa tena na pazia kurudi mlangoni, tulifurahi kama watoto. Tukajaa kaunta, tukaagiza, tukauma.

Lo! Chumvi. Si chumvi ya kuteleza mkono. Ilikuwa chumvi ya mtu aliyekusudia. Na kitunguu saumu kilichopanda hadi machoni.

"Vipi?" akauliza Mama.

"Tamu!" tukajibu sote kwa pamoja.

Tulidhani ni bahati mbaya ya siku moja. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa yake vilevile, na siku nyingine zaidi. Tena ulikuwa ni msimu ule ambapo mierezi ya milimani inamwaga vumbi lake la manjano na nusu ya mji inatembea na barakoa, pua zimeziba, macho mekundu. Kila mtu alijishuku. Nilijiambia labda ni ulimi wangu. Jirani yangu naye akajiambia hivyohivyo. Tukawa tunakula kimya na kuteremshia kwa bia, glasi baada ya glasi, maana chumvi ile ilitaka maji mengi, na Mama akafurahi kwamba biashara imechangamka.

Ila yatima waliongezeka. Mwanzo alibaki mmoja kwenye sahani, kama kawaida. Kisha wawili. Kisha sahani zikarudi jikoni na watatu au wanne wamelala pale wamekunja migongo. Mama akaacha kuuliza nani atawalea. Aliwasukuma kwenye ndoo akiwa ametupa kisogo.

Mzee Awano alikuja kunyolewa. Huyu alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni hadi alipostaafu, mjane, mtu wa adabu kiasi kwamba akigonga nguzo anaiomba samahani. Nilimpaka sabuni, nikashika wembe, nikaona hapa hawezi kukimbia.

"Mzee, jana ulikula kwa Mama?"

"Nilikula."

"Ukaonaje?"

Akafumba macho. "Bia ilikuwa nzuri sana."

"Sijakuuliza bia."

"Na mimi sijakujibu gyoza."

"Mzee, kuna mtu lazima amwambie."

"Kweli kabisa," akasema. "Wewe una mdomo mzuri."

"Mimi? Wewe ndiye mkubwa."

"Mkubwa hawezi kumwaibisha mwanamke mbele ya kaunta yake. Kijana ndiye husemehewa."

Nina miaka hamsini na kitu, nina mvi, lakini siku hiyo nilikuwa kijana. Tukazungushana hivyo hadi shavu la pili likaisha. Nilimkasirikia, na hasira ile nilitakiwa kujielekezea mwenyewe, kwa sababu jioni hiyo nilivuka barabara nikala nikasema tamu.

Mwishowe Mzee Awano akaja na nadharia. Alisema kosa liko kwenye nira. Nira ya Mama huletwa na Misao, mkulima wa upande wa Kanuma, mwanamke mwenye mabega mapana na gari dogo la mizigo lisilo na breki za kuaminika. Misao huleta mzigo mchana na kuondoka, hajawahi kukaa kula kwa sababu analala mapema na kuamka na jogoo. Kwa maoni ya Mzee, nira ya Misao mwaka huu ilikuwa na maji mengi na ladha haba, na Mama alikuwa anaifunika kwa chumvi.

"Basi mwambie Misao," nikasema.

"Nimwambie Misao! Unataka anifukie shambani?"

Akatafuta njia ya adabu. Nyuma ya nyumba yake, kwenye bustani aliyoiacha marehemu mkewe, kulikuwa na nira iliyojiotea. Angeivuna, angempelekea Mama zawadi. Asingemlaumu Misao wala Mama, na gyoza zingepona zenyewe. Nilimwambia ni wazo zuri. Mungu anisamehe, nilimwambia ni wazo zuri sana.

Jumatatu vinyozi wote tunafunga. Mchana wa Jumatatu hiyo nilikuwa nimekaa kwenye kaunta tupu, barakoa usoni, pua imeziba kama bomba la zamani, nikimtazama Mama akifanya kazi. Alikuwa na furaha siku ile. Mbele yake kulikuwa na rundo la majani mabichi aliyoletewa na Mzee Awano asubuhi, yamefungwa kwa utepe mwekundu kama ya sherehe.

"Mzee ana moyo huyu," alisema, kisu kikienda tak-tak-tak juu ya ubao. "Jioni atakuja kuuliza. Lazima aikute kwenye sahani."

"Atafurahi," nikasema.

Alikuwa amekata lote na anainua ubao kulimimina kwenye beseni la nyama, mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa teke. Misao akaingia na kasha lake begani.

"Mama, leo nimekuletea ya mwanzo kabisa, iliyo..." Akasimama. Akatazama ubao. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Usinune, Misao. Nimepewa zawadi na Mzee Awano. Yako nitaitumia kesho."

Misao hakununa. Aliweka kasha chini taratibu, akaja, akachota majani yaliyokatwa kwa vidole viwili, akayasugua, akayapeleka puani. Kisha akayapeleka puani tena.

"Mama. Hii si nira."

"Ni nira bwana. Nimekata nira tangu hujazaliwa."

"Ninusie."

Mama akachukua. Akainamisha uso, akavuta pumzi moja ndefu, vilevile kama Bi Tome, akatabasamu. "Inanukia vizuri. Nira ya kweli."

Nilimwona Misao akibadilika uso. Hakuwa na hasira tena. Ilikuwa huruma, na huruma kwenye uso ule mpana ilinitisha kuliko kelele zake zote.

"Mama, haya ni majani ya nargisi," alisema polepole. "Yale maua ya manjano ya bustanini. Yanaota yamechanganyika na nira, na kwa macho ni ndugu. Jirani yangu alikula na wajukuu zake, walitapika hadi wakachukuliwa na gari la wagonjwa. Kinachoyatofautisha ni harufu tu. Nira inanuka. Haya hayanuki kitu."

Kisu kilikuwa bado mkononi mwa Mama. Akakiweka.

"Hunusi, sivyo?" Misao akauliza.

 Mama alivuta kigoda, akaketi, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ni mwanamke mzee.

"Tangu mafua," alisema. "Niliamka asubuhi nikachemsha kahawa, ikawa kama naangalia picha ya kahawa. Nikasema itarudi. Kila siku nasema itarudi. Naongeza chumvi hadi ulimi uniambie kitu, naongeza kitunguu saumu hadi kiniwashe. Nikawaza, wateja wanasema tamu, basi mikono inakumbuka." Akanigeukia. "Kinyozi. Wewe umekula hapa kila siku."

Nilivua barakoa. Sikujua nifanye nini na uso wangu.

"Ulijua?"

"Kuhusu pua, hapana Mama."

"Kuhusu chumvi."

"Chumvi... ndiyo."

"Ukasema tamu."

"Nilisema tamu."

"Wote mlisema tamu!" Akasimama, na kigoda kikaanguka. "Narudisha sahani zimejaa yatima, najiambia watu wamekuwa na adabu zaidi mwaka huu! Ningewalisha sumu leo, Kinyozi! Ningewalisha sumu, na nyinyi mngekufa hapo mkiniambia tamu!"

Alitupa majani yote, na nyama yote, na kabeji yote. Kisha akatoka, akashusha pazia la buluu, akalikunja, akalileta ndani akiwa amelikumbatia kifuani. Pazia likiwa ndani baa imefungwa, kila mtu anajua. Lakini kuna kulikunja kwa kulala na kuna kulikunja kwa kuaga, na mimi nilijua kule kulikuwa kwa namna gani.

Siku zilizofuata mtaa ulikuwa mbaya. Watu walifika kwenye mlango mtupu, wakasimama, wakaondoka bila kuulizana. Mzee Awano nilimwambia mwenyewe habari ya nargisi, kwa sababu nilikuwa nimechoka na adabu. Aligeuka rangi ya sabuni yangu. Alikwenda nyumbani, na jirani zake walisema amejifungia.

Aliyetufungua ni Misao. Aliingia dukani kwangu nikiwa na mteja kwenye kiti, matope kwenye viatu vyake hadi magotini.

"Nyinyi wanaume wenye midomo ya asali," alisema, "mnakaa tu? Mama yuko ndani anagawa vyombo. Anasema kikaango atampa mtu wa vyuma chakavu."

"Mimi nitamwambia nini?"

"Ukweli! Hujawahi kuuona? Ni kitu kifupi, hakichukui muda. Chukua koti."

Mteja wangu akabaki na nusu kichwa. Tulimpitia Mzee Awano, Misao akagonga mlango wake hadi ukafunguka wenyewe, na tukaingia kwa Mama kupitia jikoni. Vyombo vilikuwa vimefungwa kwenye magazeti. Kikaango kilikuwa bado juu ya jiko.

Mzee hakungoja. Alipiga magoti kwenye sakafu ileile ya mafuta, akashusha paji la uso hadi chini.

"Mama, nilikuletea sumu. Sina uso wa kukuomba msamaha."

"Inuka Mzee, mgongo utakwama."

"Sijamaliza." Sauti yake ilitoka sakafuni. "Gyoza zako zilikuwa na chumvi. Tangu ulipopona. Nyingi sana. Mara mbili nilitema kwenye leso. Niliagiza sahani mbili kila siku ili usihuzunike."

 Nadhani Mzee Awano hakuwahi kumwambia mtu sentensi kama ile tangu azaliwe, hata abiria asiye na tiketi.

"Mbili?" akauliza Mama.

"Mbili."

"Haziliki, na ukaagiza mbili."

"Ndiyo."

"Wewe mzee ni mjinga."

"Ndiyo, Mama."

Mama akaanza kucheka. Alianza kidogo, kisha akashindwa kusimama, akashika kaunta, akacheka hadi machozi yakatoka, na machozi yale yaliendelea baada ya kicheko kwisha. Misao alimshika bega. Sisi wawili tulitazama dari.

"Siwezi kupika kitu ambacho sikisikii harufu," Mama alisema alipotulia. "Bi Tome angenifukuza."

Misao hakubishana. Aliona kwenye friji kuna gyoza chache zilizogandishwa kabla ya mafua, akazipanga kwenye kikaango, akatia mafuta na maji, akafunika. Alifanya ovyo, kama mtu wa shamba. Mama alikuwa amempa mgongo, anafuta uso kwa aproni.

"Zimeiva hizi?" Misao akauliza.

"Bado," Mama akasema bila kugeuka. "Maji yanachemka tu hayo. Acha... Sasa yanapungua. Usifunue! Sasa yamekwisha, umesikia? Yanatatarika, hayo ni mafuta peke yake. Hesabu pumzi mbili. Geuza sasa, geuza, mwanamke, utaziunguza!"

Misao akafunika sahani juu ya kikaango, akapindua. Zikatoka kahawia safi, ukingo mpaka ukingo. Mama akageuka akaziangalia. Kisha akajishika sikio, kama aliyegundua amevaa hereni alizodhani zimepotea.

"Sawa Mama, kukaanga unaweza kwa sikio," nikasema. "Kilichobaki ni beseni. Hapo tukukopeshe pua zetu."

"Nyinyi? Nyinyi mtaniambia tamu."

"Itakuwa marufuku," akasema Misao. "Ndani ya baa hii, neno hilo limefungwa."

Na ndivyo ilivyokuwa. Pazia likarudi mlangoni, na pamoja nalo utaratibu mpya. Kila jioni kabla ya kufungua, Mama anakaanga gyoza moja tu, na mmoja wetu anakaa mbele yake kama mshtakiwa. Lazima aseme kilichopungua na kilichozidi. Mtakufa kwa kucheka mkiona jinsi ilivyotuwia vigumu. Siku ya kwanza zamu ilimwangukia Mzee Awano. Alitafuna, akameza, jasho likamtoka.

"Ina... ina tabia nzuri," alisema.

"Mzee!"

"Tangawizi ingeweza, kama ingependa yenyewe, kuongezeka kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mama, haipo! Haipo kabisa!" akapiga kelele, kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili. Tulimpigia makofi.

Polepole tukajifunza. Muuza samaki wa mtaa wetu akagundulika kuwa na pua ya mbwa wa polisi. Mimi nikawa mtu wa chumvi. Hata Misao akaanza kubaki jioni mara moja kwa wiki, akisinzia juu ya chai ya shayiri, na akisema "nira ya mtu fulani ndiyo inayoibeba hii" bila haya yoyote. Daktari alikuwa amemwambia Mama kwamba pua huenda ikarudi, huenda isirudi, ila aifanyishe mazoezi kwa vitu anavyovijua. Kwa hiyo kila asubuhi anasimama dirishani na kishada cha nira ya Misao, anavuta pumzi. Nikimwona kutoka dukani kwangu nainua wembe, kama kuuliza. Anatikisa kichwa. Hana huzuni akifanya hivyo, au anayo kidogo tu.

Ukaja mwezi wa saba, na pamoja nao radi. Sisi tunaishi na radi majira yote ya joto, lakini ile ya jioni hiyo ilikuja na hasira zake. Baa ilikuwa imejaa. Mama alikuwa amepanga gyoza duara kwenye kikaango, ametia maji, amefunika, ameinamisha sikio kama kawaida yake, na sisi tumenyamaza kama kawaida yetu, maana siku hizi kaunta nzima hunyamaza Mama anapokisikiliza kikaango. Ndipo mbingu ikapasuka. Mvua ikalipiga paa la bati la uani kwa kishindo, na juu yake ngurumo haikatiki.

Mama akainua kichwa. Niliona hofu usoni mwake. Hasikii kitu. Hanusi kitu. Chini ya kifuniko kuna chakula cha watu kumi, na yeye amesimama na mkono hewani.

"Bado!" akasema mtu. Alikuwa muuza samaki, pua juu.

"Bado," nikasema na mimi. Harufu ilikuwa bado ya mvuke na kabeji.

Sote tulikuwa tumenyoosha shingo juu ya kaunta, macho tumefumba, tunavuta pumzi. Wageni wawili wa kutoka Tokyo, wasiojua lolote, nao wakanyoosha zao.

"Bado... bado, Mama..."

"Unga unaanza kukauka!"

"Subiri kidogo..."

"Sasa!" akapiga kelele Mzee Awano, yule wa kuomba nguzo samahani, akipiga kaunta kwa kiganja. "Sasa, Mama! Geuza!"

Mama akafunua, akafunika sahani, akapindua. Duara zima likatoka kahawia, na utando wake mwembamba wa unga unang'aa, haukuchanika popote. Watu walishangilia hadi radi ikapata mpinzani.

Tukala. Hakuna aliyesema kitu, na si kwa adabu. Nilichovya, nikauma, mchuzi wa moto ukanichoma midomo, na nilikuwa na furaha ya kijinga hata nikataka kumkumbatia yule mteja niliyemwacha na nusu kichwa. Sahani ikapungua, ikapungua, hadi akabaki mmoja katikati. Tukamtazama. Mikono ikarudi mapajani yenyewe, kwa mazoea. Mama akaweka mkono kiunoni, akafungua mdomo aulize nani anamlea.

Mzee Awano alinyoosha vijiti vyake, akamchukua, akamtia mdomoni. Hakuomba radhi kulia wala kushoto. Alitafuna polepole, macho mbele, mashavu yamejaa, kisha akatafuta tena kwenye sahani kwa macho kama kuna mwingine.

Mama alimtazama kwa muda. Kisha akazima jiko, akavua aproni, akaitundika msumarini. Akazunguka kaunta, akamsogeza mgeni mmoja wa Tokyo, akaketi kati yetu upande wa wateja.

"Kinyozi," alisema, "nimiminie bia."